Mahafali, Uvinza

Mgeni rasmi kakwama Nguruka,
mvua imekula tuta la reli.
Mwenyekiti wa bodi kashukuru waliokuja,
kashukuru na wasiokuja,
maneno yamemwishia, jasho limebaki.

Ndipo Bi Ntahondi, mpishi, akakishika kipaza sauti
kwa mkono ule ule wa mwiko.

"Mimi nawajua kwa sahani.
Ruhomvya, mtu wa ukoko.
Zebida, mchagua kokoto.
Na wewe wa mstari wa tatu,
kila Ijumaa ulitia maharage kwenye kopo la rangi, ukapeleka kwenu.
Ulidhani sikuoni.
Nani alikuwa akiongeza upawa?"

Akakirudisha taratibu,
kama chumvi ya kuazima.

Nyuma yangu, mama
alikuwa akihesabu upya
maua ya plastiki aliyoniletea.