Kwa Kavira, Anayeandika Bei ya Makala

Kabla sijaujua uso wako nilijua bei ya makala Birere.
Nilijua mama yako hukohoa mara tatu kabla ya kusali,
na jirani yenu ameipa chukudu yake jina, Bibi-arusi,
na Jumapili huipaka mawese pale gurudumu linapolia.
Uliyaandika hayo kila usiku bila kuomba radhi,
tarehe juu, kisha mambo ya siku,
kana kwamba dunia nzima imekaa macho
ikingoja kujua ni bidoni ngapi zimejaa.

Mimi nilikuwa huku Bukavu, kilimani Kadutu,
namwaga maneno makubwa kama maji ya kunawa:
giza la roho, bahari ya machozi.
Bahari sijawahi kuiona. Nina ziwa tu,
tena kipande chake, kati ya mabati ya watu.

Ukaniandikia mara ya kwanza. Hukunisifu.
"Nsimire, hapo uliposema moyo unalia, futa.
Sema mikono yako ilikuwa inafanya nini."

Nilinuna siku mbili.
Ya tatu nikaandika: Nilikuwa namenya viazi.
Baba alikuwa amekufa tangu alfajiri, wageni wengi,
nikamenya gunia zima, hata vilivyooza nikavimenya.

Hukujibu neno. Saa sita ya usiku ikaingia picha:
viazi vinne vimemenywa, juu ya meza yenu, taa ya betri pembeni.
Nani hula viazi saa ile?
Nililia, Kavira. Hilo sikuliandika.

Usiku mlima wenu ulipowasha mawingu
uliandika, "Anga jekundu tena. Nimefua mashuka."
Kisha siku nne, kimya.
Nikaziandika tarehe zako kwa mkono wangu,
chini ya kila moja nikaacha mistari mitupu,
kama mtu anayeandaa sahani ya aliyechelewa.
Nilimuuliza kila abiria aliyeshuka melini kama Goma ipo.
"Ipo," wakasema, "kwa nini isiwepo?"
Siku ya tano: "Samahani. Simu iliangukia chooni."

Ukaja mwezi wa tatu, Jumanne, kwa meli ya asubuhi.
Nilikutarajia mrefu. Sentensi zako ni fupi, sijui kwa nini nilikupa urefu.
Kumbe kichwa chako kinafika begani mwangu,
sauti nzito, viatu vyeusi kwa vumbi la mawe ya kwenu.
Tukaagiza bugali na sambaza pale karibu na bandari.
Tukaongea nauli. Tukaongea mvua.
Tukamaliza mvua.
Watu wawili waliosomana mpaka mifupani
hawakujua macho wayaweke wapi,
nami nikafuta meza ambayo ilikuwa safi.
Ulipoondoka nilijiambia: basi, nimempoteza,
ningemwacha kule kule, ndani ya maandishi.

Usiku ukurasa wako ukaja.
"Bukavu. Nsimire huanza sambaza kwa mkia.
Ameniachia upande wenye kivuli, yeye akakaa juani
saa nzima, jicho moja limefumbwa. Nauli dola kumi."

Sikujua kama nilikuachia kivuli.
Nimeishi na mwili huu miaka thelathini na minne,
na wewe, kwa mlo mmoja, umenionyesha una adabu gani.

Nilitaka kukushukuru vizuri, nikatafuta maneno,
yakaja yale ya zamani, yenye roho na bahari,
nikayafuta, kama ulivyonifundisha.
Pokea haya:

Tarehe kumi na moja. Umeme umeenda saa moja.
Makala imepanda tena, hata huku.
Nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mlango wazi,
kidole gumba kina wino, mbu mmoja, hajanipata.
Mtoto wa jirani anasoma kwa sauti somo asilolielewa.

Na Bibi-arusi je? Alipata gurudumu?