Kijiraba cha Mama

Setilaiti hupita kila siku ya tano,
saa nne na ushee asubuhi, haina salamu.
Mimi huku Mbeya, ghorofa ya pili, jirani na Mwanjelwa,
naisubiri picha kama chai iliyotengwa kwenye mkaa uliolowa.

Machi nzima, mawingu.
Picha nyeupe. Nyeupe. Nyeupe tena,
kama mtu kamwaga sembe juu ya Uporoto
akaondoka bila kufagia.
Mkuu wangu, Mwalyego, husema: andika "hakuna takwimu".
Nimeandika. Mara saba.

Kwenye kioo changu majani mabichi ni mekundu.
Ndivyo tulivyofundishwa: jicho lile huona mwanga tusiouona,
na jani lenye afya huurudisha kwa fujo,
nasi tunaupaka rangi ya damu ili tuutambue.
Nilipomweleza mama, akaguna:
"Shamba likiwa jekundu mimi nakimbia.
Wewe unalipwa ushangilie?"

Simu yake ina tochi na sauti, basi.
Jumanne: chemchemi inatoa maji ya rangi ya chai.
Alhamisi: mistari ya pareto imepinda,
nami niliipanda kwa kamba.
Jumamosi usiku: nguzo ya zizi imeinama kama mlevi wa kimpumu.
"Nimehamisha mbuzi. Nimemwamsha Ambonisye na wanawe.
Tumelala darasani, ng'ambo ya mto.
Hilo lako la angani limeona nini?"
Mawingu, mama.
"Ndaga," akasema,
kwa namna ile isiyo ya kushukuru.

Tarehe kumi na moja Aprili mbingu zikafunuka.
Haikuhitaji hesabu:
katikati ya wekundu, kovu la kahawia,
ulimi ulioshuka toka mgongo wa kilima
hadi kwenye zizi.
Lilipokuwa zizi.
Nikachora mpaka wake. Hekta sita na nusu.
Kwenye safu ya "chanzo cha taarifa"
nikafuta jina la setilaiti, nikaandika:
Subilaga Mwaisumo, mkulima.
Mwalyego akairudisha kwa wino mwekundu. Fomu haina nafasi ya mkulima.

"Sasa, mimi wameniona?"
Nikamwambia ukweli: kijiraba kimoja cha picha
ni mita kumi kwa kumi.
Jiko lako, na wewe, na sufuria zako zote,
kwa pamoja hamkijazi.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Watapita lini tena?"
Jumatano.
"Basi nitaanika mashuka. Yote. Hata la Ambonisye."

Jumatano, anga safi.
Kando ya shule kuna kijiraba kilichong'aa kuliko cha juma lile.
Huenda ni bati jipya la choo cha wanafunzi.
Nimekikuza hadi kikapoteza umbo,
kisha nikakihifadhi
kwenye faili ambalo ofisi hailijui.