Sekunde Saba

Jasi niliinunua Keko, mfuko mmoja.
Muuzaji akauliza, dari la chumba gani?
Nikasema la sebuleni. Uongo ulikuwa mwepesi
kuliko kumwambia: mimi, mtu wa miaka arobaini na tisa,
mhasibu msaidizi wa kiwanda cha magodoro,
naunda boti yenye urefu wa mkono wangu,
isiyobeba mtu, isiyovua hata dagaa.

Semeni alilikuta beseni lake la kufulia limejaa maji
na ndani kitu cheupe kimelalia ubavu.
"Mgonjwa wako anaendeleaje?"
Jina likaganda.

Chande wa Gerezani, mziba bampa za magari,
ndiye aliyenifundisha resini:
ukizidisha dawa inachemka mkononi,
ukipunguza utaingoja mpaka Idi.
Tabaka la kwanza lilitoka na mapovu, nikalivunja.
La pili nikalivunja.
La tatu nililipitisha taa kwa nyuma, gizani,
kama mtu akaguaye yai,
nikakuta povu moja tu, karibu na tezi.
Hilo nikaliacha. Nimeliacha hadi leo.

Mota ilitoka Guangzhou ndani ya kiatu cha Pazi,
aliyekwenda kununua mapazia.
Betri nazichajia ndani ya chungu cha maua
juu ya mchanga, barazani,
maana lithiamu haina adabu wala haibishi hodi.
Saa nane usiku LUKU ikaanza kulia.
Semeni akageuka ukutani, akasema polepole:
"Uniti kumi na mbili, baba Mwamvita.
Kumi na mbili."

Pangaboi lina mapanga mawili tu.
Nililinoa kwa tupa hadi likanikata kidole gumba
nami sikujua, mpaka nilipoona doa kwenye hesabu za Februari.
Kisha kuusaka uzani: vidole viwili chini ya mkuku,
theluthi moja kutoka tezi,
betri mbele kidogo, nyuma kidogo,
upana wa ukucha,
upana wa nusu ukucha.
Miezi minne.

Kunduchi kuna shimo la kokoto lililoachwa,
masika yamelijaza, maji yametulia kama chai iliyosahaulika.
Mwamvita alishika simu kupima muda.
Vijana wawili waliokuja kuosha pikipiki
wakazima redio bila kuombwa.

Nikavuta kiwashio.
Mgonjwa akainua omo,
akayakanyaga maji kwa kisigino tu,
na sauti yake, sijui nieleze vipi,
kanga inayochanwa pindo hadi pindo.
Nyuma yake mkia wa maji ulisimama wima
mrefu kuliko mimi.
Nilicheka peke yangu, kwa sauti nisiyoijua.
Nikamgeuza mapema mno.
Wimbi lake mwenyewe lilikuwa linarudi kutoka ukingoni.
Wakakutana.
Akaruka, akaonyesha tumbo, akatua chali.

"Sekunde saba," alisema Mwamvita.
"Kasi sabini na moja."
Halafu, kwa huruma ya watoto wa siku hizi:
"Baba, bado inaelea."

Kijana mmoja, Ngonyani, akavua shati,
akapanda tyubu ya lori, akapiga kasia kwa viganja.
Alipomrudisha hakunipa mara moja.
Alimgeuza, akamwaga maji,
akapitisha kidole chini, omo hadi tezi,
kidole kikasimama pale penye povu.
"Huu mkuku umeuchonga wewe?"
Miezi minne, na ndilo swali la kwanza
ambalo halikuwa na kicheko ndani yake.
Nikashindwa kujibu. Nikatikisa kichwa kukubali.

Usiku ule kidhibiti mwendo kililala ndani ya mchele,
na aliyekizika ni Semeni, kwa mikono yake,
akinung'unika bei ya kilo.

Jumatatu, kazini, ukingoni mwa leja ya magodoro,
nikaandika kwa penseli:
*betri mbele. Ukucha mmoja na nusu.*