Kabati

Kutaisi, ghorofa ya nne; lifti yao hula sarafu.
Tsiuri kavaa miwani juu ya miwani,
kompyuta imemwandikia tena: nafasi imekwisha.
Mstari umeiva, mwekundu kama jicho la mlevi.

Mjukuu kamwelekeza kwa simu: Bibi, anza na mazito.
Akaanza. Harusi ya jirani, nakala tatu: futa.
Mchezo wa karata: futa. Picha za kidole chake mwenyewe
kilichoziba lenzi, kumi na tisa: futa, futa.
Risiti za gesi za miaka kumi, hapo akasita.
Serikali husahau ikilipwa, hukumbuka ikidai.
Akaziacha.

Juu kabisa ya orodha, zito kuliko yote,
faili lisilo na jina, tarehe tupu.
Akabonyeza.

Vazha anakoroma.
Usiku mzima, masaa saba na dakika kumi;
daktari alitaka ushahidi wa usingizi wake.
Anavuta hewa kama mtu aburutaye kabati sakafuni,
kisha kimya,
na Tsiuri naye kazuia pumzi, kama zamani,
anahesabu: nne, tano, sita, sa...
kabati likaburutwa tena.

Miaka thelathini na minane alimpiga kiwiko kwa kelele hii.
Leo kaongeza sauti,
mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Asubuhi mjukuu kapiga: Vipi, Bibi, umepata nafasi?
Kidogo, akasema.
Kuna kabati moja halipiti mlangoni.