Mi na Si

Daftari la Nicasia Tintaya limepasuliwa kati
kwa mstari wa penseli, toka juu hadi chini.
Kushoto huandika alichokiona,
kulia alichoambiwa.
Si ujanja wa chuo. Ndivyo itakavyo lugha ya mama yake:
Kikechua hakiruhusu neno lipite hivihivi,
sharti ulitie mkia.
Mi, kama ulikuwepo.
Si, kama umesikia kwa watu.

(Kwetu mi ni mimi, na si ni kukana.
Nimelala na jambo hili siku nyingi.)

Alipanda Chillcapampa juu ya lori la saruji,
mita elfu nne, pua ikimtoka damu,
akahesabu viazi: aina sitini na tatu,
kimojawapo kiitwa Mliza-mkaza-mwana,
kwa vile kina mabonde, na kukimenya mbele ya mavyaa
ni mtihani.
Akaandika nani kamwoa binti wa nani,
nani kamlimia nani, nani angali na deni la siku.
Yote kushoto. Mi, mi, mi.

Kisha Fausta Llacsa,
akikanyaga viazi vilivyogandishwa na sakitu ya usiku,
miguu mitupu, maji meusi yakichuruzika majanini,
akasema bila kuinua macho:
Hilario wangu walimchukua-si.
Gari lilikuwa la kijani-si.
Alitoka na kiatu kimoja-si.

Miaka thelathini na saba ya si.
Hakuna aliyefungua mlango usiku ule,
au aliyekiri kuufungua.

Huko Lima maprofesa watano walikoroga kahawa zao.
"Shahidi ni nani?"
Upande wote wa kulia wakaupiga wino mwekundu.
Tasnifu ikapita,
nyembamba, safi,
kama mfupa uliokwisha lambwa.

Basi Nicasia akahamia kulia.
Kwenye meza ya jikoni, chumba cha kupanga,
televisheni ya jirani ikipiga kelele ukutani,
akampa Hilario koti, akampa kikohozi,
akampa njia ya kurudi:
anashuka alfajiri, matope magotini,
anaketi jikoni, anaomba supu.

Walimpa tuzo na shada la maua.
Shada aliliacha kwenye teksi.
Akachukua nakala moja na kilo mbili za sukari
akapanda tena Chillcapampa.

Alimsomea Fausta polepole,
akikitoa Kihispania mdomoni kama mwiba wa samaki
na kukirudisha Kikechua.
Fausta alikuwa akisokota sufu, pia inazunguka.
Ilipofika supu, akamkatiza.
"Hilario hali maharage. Yatoe."
Nicasia akayatoa, kwa penseli,
katika kitabu kilichokwisha chapwa.
"Tena asikae hapo. Moshi humkera yule.
Mweke karibu na mlango."
Akamsogeza.

Pia ikasimama.

"Sasa kaja," akasema Fausta. "Kaja-mi."

Kalamu ikabaki hewani.
Hakuna chuo kilichomfundisha
neno lile aliandike upande gani.

Fausta hakungoja.
"Umemtumia mwanangu kurasa mia mbili na kumi.
Mimi utanilipa lini?"
Hakutaja pesa.
Siku tatu za jembe, shamba la juu, kabla ya sakitu:
ayni, wanaiita,
mkono hurudi ulikotoka.

Mwandishi mashuhuri akavua saa.
Siku ya kwanza, malengelenge.
Ya pili, alikata kiazi vipande viwili kwa jembe
akakaripiwa na mtoto wa miaka saba.
Ya tatu, mvua ya mawe, wakakimbilia zizini
wakasimama kati ya kondoo, wanafuka mvuke, hawasemi kitu.

Anadaiwa nusu siku-si.