Kwa Zihalirwa, Anayeuliza Aone Nini Mwezi wa Saba

Umeuliza kwa simu, sauti ikikatika,
mwezi wa saba Bukavu kuna nini cha kuona.
Nimecheka mpaka sombe ikashika sufuria.
Kuna vumbi, Zihalirwa. Anza na vumbi.
Linapanda Essence pamoja na pikipiki,
linakaa juu ya maparachichi ya kina mama
kama unga uliomwagwa na mtu asiyejuta.

Wageni hupenda kushuka bandarini alfajiri,
meli ya Goma ikiingia polepole,
na rasi zetu tano zimenyooshwa majini
kama vidole vya mkono ulioomba ukasahauliwa.
Watakuambia: mji mzuri. Ni kweli.
Wakutajie pia bei ya bidoni la maji
huku Kadutu, ambako ziwa tunaliona dirishani
na bomba linakohoa tu.

Gorila wa Kahuzi? Nenda.
Utachanwa na miiba, utafundishwa kunyamaza.
Mimi sijawahi. Tikiti yao
ni ada ya Namwezi ya mwaka mzima,
na Namwezi, hesabu ikimshinda,
hukunja uso kama lile dume la mgongo mweupe.
Nimeridhika na wa nyumbani.

Kula sambaza, lakini si kwenye vitambaa vya hoteli.
Kwa Mama Ntakwinja, chini ya ngazi,
zikiwa za moto, na vichwa vyake, na pilipili
inayomfanya hata diwani aseme ukweli.

Usiku umeme ukikatika, na utakatika,
toka nje utazame chini:
kuna mtaa mwingine juu ya maji,
mitumbwi mitatu mitatu imefungwa kwa miti mirefu,
kila mmoja na taa yake.
Wao wana mwanga. Sisi tuna bili.

Lakini uliuliza ufukwe. Hapo nilinyamaza,
ukadhani mtandao umekufa.
Tulipokuwa wadogo tulishuka Nguba bila kumuuliza mtu,
tukaanika nguo kwenye mawe,
tukazivaa zikiwa bado na ubaridi.
Sasa kuna ukuta, halafu ukuta, halafu geti jeusi
na mbwa anayejua Kifaransa.
Ziwa linasikika upande wa pili
kama jirani anayetwanga na hakualiki.

Kuna njia moja. Usiiandike popote.
Ukipita ukuta wa rangi ya maziwa kuna geti la bati.
Mlinzi wake ni Cubaka. Tulisoma naye darasa la nne,
nikamwazima kalamu, hajairudisha mpaka leo.
Jumapili, tajiri wake akienda misa ya pili,
Cubaka anaikumbuka ile kalamu.
Anatufungulia dakika arobaini.

Ngazi kumi na tisa. Utavua viatu.
Rwanda itakuwa imefichwa na moshi wa kiangazi,
usisikitike, huwa inarudi mvua ikianza.
Maji ni baridi kwanza, kisha si baridi.
Namwezi ataruka kabla hatujamaliza kumkataza.
Mimi nitakaa, miguu ndani mpaka magotini,
nitanawa uso mara tatu:
moja yangu,
moja ya mama yako, aliyefulia nepi zako
kwenye jiwe hilo hilo utakalokalia,
ya tatu sijui ni ya nani. Huwa nanawa tu.

Halafu Cubaka atapiga mluzi,
nasi tutapanda, nguo zikidondosha ziwa
kwenye vigae vya watu.

Basi njoo. Leta kandambili,
na sabuni ile ya kipande kirefu, hapa imepanda bei.
Ila ukimkuta Cubaka getini, nakuomba,
usimtajie habari ya kalamu.
Siku atakayoirudisha
tutaogea kwenye beseni.