Mstari wa Jikoni

Onorata wa darasa la tano
ndiye aliyetusomea dumu.
Miaka mitatu limekaa karibu na mafiga, likitunza chumvi,
kabla ya chumvi mafuta, kabla ya mafuta ulanzi
tulioukinga masika na kuwanywesha wageni wa ubatizo,
nasi tukisifu: dumu gumu hili, halipasuki.
"Mama, hapa pana fuvu."
Nikamwambia ni nembo ya kiwanda.

Alikuwa amekwangua masizi kwa ukucha.
Akasoma polepole, kama asomavyo somo kigangoni:
Usitumie tena chombo hiki.
Toboa. Fukia.
Subiri siku saba kabla ya kuvuna.

Siku saba!
Desideri alipuliza Jumanne jioni,
gari la Dar likaja Alhamisi alfajiri.
Nani amsubirishe dalali siku saba
na nyanya yenyewe haijui kusubiri?

Usiku ule nililala macho, nikiihesabu nyumba yangu
kama mtu anayehesabu kuku baada ya kicheche kupita.
Koti la kupulizia, msumari mmoja na sweta ya shule.
Ndoo iliyokuja na rangi ya ukuta, ndiyo ya maji ya kunywa.
Mfuko wa nailoni ninaofunikia ugali ungali unafuka,
na jasho la mfuko linarudi kudondokea ugali.
Na chupa za soda ninazowashia moto asubuhi za Juni
hapa Ilula, kuni zikigoma kwa baridi:
moshi mweusi, mtoto wa mgongoni anakohoa,
nami namwambia, pole mwanangu, ni baridi.

Si baridi.

Dumu tulilifukia, mbali na kisima.
Desideri alilitoboa kwa msumari uleule wa koti;
koti likahamia nje, kwenye mparachichi.
Moto nauwasha kwa magunzi.
Chumvi niliihamishia chunguni, ikavuta unyevu, ikawa tope,
mama mkwe akacheka: elimu hiyo ya mjukuu wangu, tutailamba.

Kisha tukachagua mstari mmoja, unaopakana na jiko,
tukasema huu hauguswi na bomba.
Nyanya zake ndogo, zina makovu, kantangaze amezitoboa,
tunakata upande mbovu, tunakula uliobaki.
Watoto wanaziita nyanya zetu.

Zetu.
Neno fupi, lakini lilinikalia kooni wiki nzima.
Maana kama hizi ni zetu,
zile nyingine, mistari arobaini, ni za nani?

Jumamosi nilikuwa barabarani, ndoo imejaa kichuguu,
nyekundu, zinang'aa, hazina hata kovu.
Basi la Mbeya likasimama. Dirishani mama
na mtoto mapajani, meno mawili tu yameota.
Akalipa. Akachagua moja kubwa,
akaifuta kwa pindo la kanga,
akaipeleka kwenye yale meno mawili.

"Osha kwanza!" nikapiga kelele. "Mama, ioshe!"
Wauzaji wenzangu wakanigeukia
kama niliyemtukana padri.
Konda akagonga bati.
Nilikimbia hatua kumi na tano, labda ishirini,
ndoo kichwani, nyanya zikimwagika lami,
na mdomo wake nyuma ya kioo ukiniuliza:
nini?

Dalali alikuja jana.
Desideri akasema, leo ni siku ya nne, inatosha.
Onorata, hata hakuinua kichwa kwenye daftari:
"Nne si saba, baba."
Dalali akacheka, akawasha gari,
akaenda kwa jirani.

Ada ya shule inaning'inia shambani, inaiva,
na kantangaze naye hajui kuhesabu.
Leo ya tano.